Dawa za kupunguza uzito: picha za mwili huonyesha nini?

Semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, ilianza kama dawa ya kisukari cha aina ya 2. Mwezi Juni 2021 Marekani iliidhinisha Wegovy kutibu unene wa kupita kiasi. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, nayo hupunguza hamu ya kula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo, watumiaji walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika wiki 68.

Mabadiliko hayo huja polepole, na anayejitazama kila siku kwenye kioo huenda asiyatambue. Ndiyo sababu wengi hujipiga picha. Picha hufaa pale tu mazingira yake yasipobadilika: mahali pale pale, mwanga na umbali ule ule, nguo zile zile, asubuhi kabla ya kula. Mara moja kila wiki 4 inatosha.

Hata hivyo, picha haitofautishi mafuta yaliyopungua na misuli iliyopotea, wala haionyeshi sukari au shinikizo la damu. Iambatane na utepe wa kupimia kiuno, kama ule wa fundi cherehani. Vipimo vya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari vya mwaka 2006 huanza kuhesabu hatari kwenye sentimita 80 kwa wanawake. Kwa wanaume ni 94 kwa Waafrika na 90 kwa wenye asili ya Asia Kusini. Katika mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura, ambako watu wa asili zote mbili hufanya biashara pamoja, wanaume wawili wanaolingana kiuno pichani huenda wasilingane kwa hatari.

Picha za mwenzako nazo si cheti cha dawa. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia. Dawa hii hutolewa kwa maagizo ya daktari, na maumivu makali ya tumbo yasiyokoma yanahitaji matibabu ya haraka.

Kuacha sindano si mwisho wa safari. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, watumiaji walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Kwa hiyo picha na utepe viendelee hata baada ya dawa kwisha.