Kutu ya Kupaka

"Hili ni behewa la mbao, sivyo?" mzee aliniuliza.

Ndiyo, nikamjibu.

"Basi limeshikaje kutu?"

Tulikuwa katika ukumbi wa nyuma ya kanisa moja mjini York, Jumanne usiku, mvua ile ya Waingereza isiyonyesha wala kukatika ikiendelea nje. Mbele yangu lilisimama behewa la makaa ya mawe lenye urefu wa sentimita 6 na nusu. Nilikuwa nimelipaka rangi ya machungwa iliyochanganywa na kahawia kuanzia ukingo wa juu hadi kwenye magurudumu, na kwa nusu saa nzima nilijiona fundi. Mzee alilirudisha mezani taratibu, kama mtu anayemrudishia mwanafunzi mtihani alioufeli.

Nilikwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya historia. Klabu ya treni ndogo niliingia kwa sababu ya baridi na upweke, na kwa sababu tangazo lao lilisema chai ni bure. Wengi wao ni wastaafu. Wananunua mabehewa ya plastiki yaliyopunguzwa mara 76, yaking'aa kama vyombo vya harusi, kisha wanatumia wiki mbili kuyafanya yaonekane yamefanya kazi miaka ishirini. Jina la Kiingereza la kazi hiyo limetokana na hali ya hewa. Mimi naiita kuchakaza. Mama alipolisikia neno hilo kwenye simu aliuliza kama chuo kimefungwa.

Yule mzee alinifundisha upya. Behewa la mbao lina chuma pia: vyuma vya pembeni, boliti, bawaba za milango. Kutu huanzia hapo na kuteremka na maji ya mvua, mstari mwembamba chini ya kila boliti, basi. Mbao zenyewe rangi inapowatoka hubaki na kijivu cha nywele za uzeeni. Ndani ya behewa hapakupakwa rangi kabisa, kwa hiyo ukipaka ndani umeshajulikana kuwa mgeni. Chini, kwenye magurudumu na fremu, rangi ni kahawia iliyokauka, maana vibao vya breki vilikuwa vya chuma, na kila treni iliposimama vilisagika na kurusha vumbi.

Mabehewa ya chuma tupu, yale ya tani 16 yaliyojaa Uingereza baada ya Vita vya Pili, yana mambo yake. Yalioza kutoka ndani. Makaa yaliangushwa kwa kishindo yakakwangua rangi, kisha makaa yaliyolowa yakakaa humo na salfa yake, chuma kikaliwa hadi kikatoboka kwenye pembe za chini na kwenye mishono ya kuchomelea. Kuigiza hali hiyo unapaka kwanza rangi ya kutu, unapulizia dawa ya nywele, hii hii ya saluni, ikikauka unapaka kijivu juu yake. Halafu unachovya mswaki wa zamani kwenye maji na kusugua. Dawa ya nywele inayeyuka, kijivu kinabanduka vipande vipande, na kutu inachungulia. Mara ya kwanza nilipoona inatokea nilipiga kelele na watu wakageuka.

Ukiwauliza wenye mchezo huu nani alianza, hawatakubaliana, ila jina moja halikosekani. John Allen alikuwa mpiga picha mjini Monterey, California. Nyumbani kwake alijenga reli ndogo akaiita Gorre & Daphetid, jina ambalo ukilitamka kwa Kiingereza linageuka kuwa kilio cha mtu aliyetapakaa damu na kushindwa. Wakati wenzake walipenda treni zilizong'arishwa, yeye alizitia masizi, akapindisha paa, akafifisha maandishi. Alikuwa mpiga picha na alijua mwanga hauna la kushika kwenye kitu kisicho na doa. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza reli yake. Karibu yote tunayojua kuihusu yanatokana na picha alizopiga mwenyewe.

Habari hiyo ilinisumbua kuliko nilivyotarajia, kwa sababu darasani ndiyo mada tuliyokuwa nayo: picha inashuhudia nini?

Chukua mabehewa ya makaa. Kabla ya 1939 mengi hayakuwa mali ya kampuni za reli. Yalikuwa ya machimbo, ya wafanyabiashara wa makaa, ya viwanda, na kila mwenye mali aliandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa zenye kivuli, nyeupe juu ya nyekundu, njano juu ya nyeusi. Treni moja ya makaa ilikuwa barabara nzima ya vibao vya maduka. Wajenzi wa mabehewa, kama ile kampuni kubwa ya Gloucester, walipiga picha ya behewa siku ya kutoka kiwandani, rangi haijaguswa na vumbi. Picha hizo zilihifadhiwa vizuri, na leo ndizo watengenezaji wa treni ndogo wanazozifuata.

Sasa angalia kasoro zake. Kwanza, picha ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za wakati ule hazikuona wekundu, kwa hiyo behewa jekundu linaonekana jeusi, na la samawati linapauka. Pili, ni picha za siku moja katika maisha ya miaka thelathini. Injini zilikuwa na balaa zaidi: nyingine zilipakwa kijivu maalumu kwa ajili ya kamera tu, kisha zikapakwa rangi yake halisi. Kumbukumbu rasmi ya reli ya Uingereza ni kama albamu yenye picha za harusi peke yake. Ukiisoma bila kufikiri utaamini watu wale hawakuwahi kufua nguo.

Ndiyo maana nilianza kuwaheshimu wazee wa Jumanne. Wanabishana saa nzima kuhusu upande ambao masizi hukaa. Wanatafuta picha zilizopigwa kwa bahati, ambamo mtu alikuwa anampiga picha mchumba wake stesheni na nyuma yake likapita behewa chafu.

Vita vilipoanza Septemba 1939 serikali iliyachukua mabehewa yote hayo na kuyachanganya. Awali behewa tupu lilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe, hata ikiwa ni kuvuka nchi likiwa halina kitu. Sasa likaenda popote lilipohitajika. Hakuna mwenye mali aliyekuwa na sababu ya kulipia rangi ya behewa asiloliona tena. Ubao ukivunjika, mafundi waligongomelea mpya bila kuupaka, na jina likakatika katikati. Mwaka 1948, reli zilipotaifishwa, yalitaifishwa nayo, zaidi ya nusu milioni. Kufikia miaka ya sitini yalikuwa yanachomwa moto ili chuma kipatikane. Kule Barry, kusini mwa Wales, kulikuwa na yadi ya vyuma chakavu iliyonunua injini za mvuke kwa mamia, lakini mafundi wake walitangulia kukata mabehewa kwa sababu yalikuwa kazi rahisi. Injini zikangoja kwenye upepo wa bahari, zikangoja hadi wapenzi wa reli wakachanga fedha na kuokoa zaidi ya 200. Hakuna aliyechangia behewa la makaa kwa moyo ule. Kwenye jumba la makumbusho ya reli la York unaweza kuitazama Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia maili 126 kwa saa mwaka 1938, samawati yake inang'aa hadi unajiona uso. Makaa iliyoyala siku ile yalisafiri kwa behewa.

Nimefika hapa na sijasema jambo ambalo mwalimu wangu angelitaka aya ya kwanza. Tasnifu yangu inahusu wafanyakazi wa karakana za reli Tanzania baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa mpaka rangi na mwandika herufi, Tabora. Nilikuwa nimesoma majalada kwa miezi saba na sikuwa nimemuuliza swali hata moja. Nilimwona ni babu. Sikumwona ni chanzo.

Nilimpigia Jumapili, mjomba akamshikia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Bado hujaganda huko?"

Nikamwambia natengeneza mabehewa madogo. Akacheka. Nikamwambia nayapaka kutu. Akanyamaza, na nikasikia jogoo wa jirani.

"Kutu ya kweli?"

"Ya rangi, babu. Ili yaonekane ya zamani."

"Na rangi hiyo unainunua?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeifukuza kutu miaka thelathini kwa msasa na brashi ya waya, nakohoa vumbi lake mpaka leo, wewe mjukuu wangu unailipia?"

Sikuwa na jibu. Nilichekacheka tu. Mambo niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari kuhusu ushahidi na picha rasmi hayakuwa na pa kusimama mbele ya mtu anayekohoa. Ili kuokoa mazungumzo nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo: mabehewa yenu yalikuwa rangi gani?

"Ya siku gani?" akasema.

"Vipi, siku gani?"

"Behewa siku linapotoka kwangu lina rangi moja. Likienda Mwanza na kurudi kiangazi lina nyingine. Likipigwa na masika lina nyingine. Wewe unataka ya siku gani?"

Niliandika sentensi hiyo kama alivyoitamka. Baadaye nimeisoma kwa wazee wa klabu, nikiitafsiri, na mmoja akaomba niirudie.

Kuhusu 1977 alisema mengi kuliko majalada. Reli ya Afrika Mashariki, iliyounganishwa 1948 kutoka ile ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, iligawanyika mara tatu. Mabehewa yalikuwa yametawanyika, na nchi ilibaki na yaliyokuwa upande wake. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulikuja kusainiwa 1984. Ila karakana haikungoja mkataba. Walipewa agizo la kufuta EAR na kuandika TRC.

"Mlikwangua?"

"Tungekwangua saa ngapi? Mabehewa yamepanga foleni. Tulipaka juu ya herufi za zamani, tukaandika mpya. Sasa jua la Tabora unalijua. Mwaka mmoja, miwili, rangi ya juu inapauka, zile za chini tulizipaka vizuri, zilikuwa nene. Unaona TRC, na nyuma yake E inachungulia. Bosi anasema rudia. Unarudia. Inachungulia tena."

"Nani alikuwa ameandika hizo za chini?"

"Nani? Mimi."

Alisema angeitambua R yake popote. Mguu wake aliunyoosha, hakuupinda kama wenzake. Na R, akaniambia, ipo kwenye maneno yote mawili, kwa hiyo agizo lilimtaka afute R yake na kuandika R yake, pembeni kidogo.

Nilitumia Februari nzima kwa behewa moja. Reli yetu ina upana wa mita moja, kwa hiyo vifaa vya Kiingereza havikufaa. Ilibidi nipunguze mara 87 na kutumia njia ya milimita 12. Nilipaka rangi ya chini nyekundu kama alivyonielekeza, kisha ya juu, kisha nikaandika EAR kwa brashi yenye nywele chache, nene, mkono ukitetemeka. Nikafunika. Nikaandika TRC. Halafu nikachukua msasa laini kuliko wote dukani na kuanza kuigiza jua. Hapo ndipo mkono ulipokuwa mzito. Nilikuwa nafuta kazi yake mara ya tatu, na safari hii hakuna bosi aliyeniagiza. Nilisugua hadi E ikaanza kuonekana, hafifu, nikaacha. Kutu niliweka chini ya boliti tatu, pembe moja ya chini na kwenye bawaba. Mzee wa klabu alilitazama muda mrefu kwa lenzi yake akasema kutu haitoshi. Nikamwambia lilikuwa na mtu wa kulitunza.

Nilimtumia mjomba picha. Siku mbili kimya. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja, babu anazungumza karibu mno na simu.

"Nimeliona. R umepinda mguu. Na hilo behewa limechelewa kurudi karakana, mke wangu. Unalipaka lini?"