Kampuni ya karanga iliyoizaa Nachingwea

MJI wa Nachingwea, mkoani Lindi, ulichipuka kutokana na hesabu zilizopigwa mbali sana na ardhi ya Wamwera. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mitambo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo.

Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa tu, ardhi nyingi ukiitazama kutoka angani. Ulipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Nchini Tanganyika zikateuliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, Jimbo la Kusini likitengewa eneo kubwa kuliko mengine. Wenyeji waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono hawakuwa na sauti katika hesabu hizo.

United Africa Company ilianza kazi mwaka 1947 kama wakala wa serikali. Machi 1948 iliukabidhi mradi kwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya Leslie Plummer. Shirika hilo halikuwa na wanahisa wa kudai faida. Liliwajibika kwa Waziri wa Chakula, John Strachey, ambaye alikuwa ameshautetea mradi hadharani kiasi kwamba kurudi nyuma kulikuwa aibu.

Matrekta mengi yalikuwa chakavu, na baadhi yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Kongwa mvua ilikuwa haba na udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, lakini pori lilikuwa zito na hapakuwa na bandari wala reli. Shirika la kilimo likageuka mjenzi: mwaka 1949 treni kutoka gati la Mkwaya, karibu na Lindi, ilifika Nachingwea, ikitangulia mzigo ambao haukuja kamwe.

Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata mali zilizobaki zilihamishiwa kwa Tanganyika Agricultural Corporation.

Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Hasara hiyo haikuwa ya Waingereza: korosho na ufuta wa Nachingwea na Ruangwa vimesafirishwa kwa malori tangu wakati huo.

Mashamba ya shirika yalipewa namba. Mojawapo, Farm 17, lilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, na jina hilo la namba lingali likitumika.