Wanafalaki na anga la usiku: Yanayoonekana kutoka Kibera na Kawangware

KINYUME na dhana ya wengi, mwanafalaki si mpiga ramli anayebashiri bahati ya mtu kwa nyota. Yeye ni mwanasayansi apimaye mwanga uliotoka mbali, na kutokana nao hukadiria umbali, joto na maumbile ya nyota.

Chombo chake kikuu ni darubini. Kazi ya kwanza ya darubini si kukuza picha bali kukusanya mwanga. Mboni ya jicho hupanuka gizani hadi takriban milimita 7. Kioo chenye upana wa milimita 70 hukusanya mwanga mara 100 zaidi. Siku hizi wanafalaki wengi hawachungulii kwa macho. Kamera hunasa mwanga kwa dakika au saa kadhaa, kisha kompyuta huuchanganua. Mwanga ukigawanywa katika rangi zake, hufichua elementi zilizomo nyotani, kwani kila elementi huacha alama yake.

Miali ya eksirei huzuiwa na angahewa, hivyo hupimwa kutoka anga za juu. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya.

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Kwa hivyo, katika mwaka mmoja, karibu nyota zote za kusini na za kaskazini hupita juu yake, Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa zikiwemo. Hata hivyo, mkazi wa Kibera au Kawangware huona chache tu. Moshi, vumbi na mwanga wa jiji huzifunika, zikiwemo taa ndefu ziitwazo mulika mwizi.

Hakuna mkazi atakayetaka taa hizo zizimwe, kwani zimewapa wengi ujasiri wa kutembea usiku. Suluhu ni kuzielekeza chini kwa vifuniko, ili ziangaze njia badala ya mawingu.

Hata sasa, sayari za Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zohali huonekana kwa wakati wake. Tofauti na nyota, kwa kawaida hazimetimeti. Januari na Februari anga huwa safi kuliko Julai yenye mawingu. Simama mahali salama, hata uani, ukuta ukikukinga na taa. Usitazame simu kwa dakika 20 ili macho yazoee giza.

Ukipata darubini ndogo ya macho mawili na kuiegemeza imara, utaona miezi ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Ichore kila usiku, uandike tarehe na saa. Utagundua kwamba inahama, na hapo utakuwa umeianza kazi ya mwanafalaki.