Wimbi, Maziwa na Mifupa ya Watoto Wetu

Leo tunazungumza juu ya mifupa, na tutaanzia mbali kidogo, kwenye chungu cha nyanya zetu.

Kabla majani chai hayajafika huku, Mkipsigis alikula kimyet cha wimbi na kuteremshia mursik kutoka kwenye sotet. Neno kalsiamu hakuna aliyelijua, lakini madini yenyewe yalikuwemo. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu. Unga wa mahindi hauna hata 20.

Basi mahindi yaliingiaje? Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai Kericho. Wafanyakazi walihitaji posho, na kufikia miaka ya 1930 wakulima wetu walikuwa wakiwauzia mahindi. Kisha, wimbi lina kazi: palizi, ndege, kupura. Polepole mahindi yakashika chungu.

Mwaka 1931, John Boyd Orr na daktari J. L. Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai, wanywaji maziwa, na Wakikuyu, walaji nafaka. Wamaasai walionekana warefu na wazito zaidi, na mlo wa Wakikuyu ukaonekana kupungukiwa na kalsiamu, ingawa wanawake, waliokula mboga za majani kwa wingi, walikuwa na nafuu. Wasomi wa baadaye wamewakosoa kwa kurahisisha mambo. Hata hivyo, hilo la mboga ni la kushika: saga na managu si chakula cha maskini.

Wengi wenu mnakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembetatu, yaliyoanzishwa na Rais Moi mwaka 1979 katika shule za msingi. Yalikoma katika miaka ya 1990. Tangu hapo kikombe cha mtoto ni juu ya nyumbani, na nyumbani maziwa huenda kwa mchuuzi alfajiri, mtoto akabaki na chai ya rangi. Hatusemi msiuze, karo inatoka hapo. Lakini mpimie mtoto kwanza, kisha ufunge mtungi. Vikombe viwili, yaani nusu lita, vina kama miligramu 600, karibu mahitaji yote ya mtoto wa miaka miwili. (Aliye chini ya miezi sita ni titi tu.) Asiye na ng'ombe apike uji wa wimbi uliochachushwa.

Sasa jua. Bila vitamini D kalsiamu haiingii mwilini vizuri, na vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Matege yalijaa katika miji ya viwanda ya Uingereza, iliyofunikwa na moshi. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliyatibu kwa mwanga wa taa maalum. Huku kwetu moshi hakuna, lakini kuna ukungu na baridi, na mtoto hufungwa blanketi mbili na kofia kutwa nzima. Ukungu ukiondoka, mtoe nje mikono na miguu ikiwa wazi kwa dakika chache kila siku, bila kumchoma.

Ukiona miguu inapinda anapoanza kutembea, au vifundo vya mikono vimenenepa, mpeleke kliniki usingoje. Matege ya ukosefu wa vitamini D na kalsiamu hutibika, na mifupa ya mtoto mdogo mara nyingi hunyooka yenyewe akipata dawa mapema.