Mabomu ya Saa Nane



Wapendwa, katika Injili ya Luka (14:31) Bwana anamtaja mfalme aketiye kwanza kupiga hesabu kabla ya kwenda vitani. Tukikitazama kisiwa cha Saa Nane, hapa jirani na mji wetu, tunamkumbuka mtawala ambaye hakuketi.

Mwanzoni mwa 1979 majeshi yetu yalikuwa ndani ya Uganda, baada ya Idi Amin kuivamia Kagera Oktoba 1978. Gaddafi wa Libya akaamua kumwokoa rafiki yake. Ndege yake ya Tupolev ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya Saa Nane na kuua swala. Pengine mtu hucheka. Lakini kuanzia Lukaya, mwezi Machi, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, vijana wa Kilibya walikufa kwa mamia katika nchi wasiyoijua, huku baadhi ya askari wa Amin, waliokuja kuwasaidia, wakipakia mali za uporaji kwenye malori na kuondoka.

Nasi tusijitoe katika hesabu hiyo. Kuikomboa Kagera kulikuwa haki yetu, wala hatuoni haya kusema hivyo. Kwenda hadi Kampala ni jambo jingine. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na mwaka huo huo Museveni aliingia msituni. Waganda wakaendelea kuuana hadi 1986.

Dominika hii tutawaombea marehemu wa vita ile, Walibya wakiwemo.