Socrates hakuandika kitabu: maneno yake tumeyapata kwa nani?

Falsafa inapotajwa, jina la Socrates wa Athens, Ugiriki, halikosekani. Hata hivyo hakuacha andiko lolote. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu maswali: haki ni nini? Ushujaa ni nini? Mwaka 399 kabla ya Kristo, akiwa na miaka 70 hivi, alihukumiwa kunywa sumu kwa tuhuma za kupotosha vijana na kutoiheshimu miungu ya mji.

Socrates watatu

Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alimfanyia mzaha jukwaani. Xenophon, aliyekuwa askari, alimweleza kama mzee wa nasaha. Plato, mwanafunzi wake, alimweleza kama mtu wa maswali mazito. Yupi ndiye wa kweli?

Wasomi wanabishana. Mwaka 1991 Gregory Vlastos alitetea kwamba vitabu vya mwanzo vya Plato vina mawazo ya Socrates mwenyewe. Mwaka 1996 Charles Kahn alipinga: mazungumzo yale ni utunzi wa Plato, si kumbukumbu ya yaliyosemwa.

Ubishi wafika Nairobi

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, na mwaka 1990 akatoa kitabu, Sage Philosophy. Hoja yake: ikiwa Socrates ni mwanafalsafa bila kuandika, mzee wa kijijini asinyimwe jina hilo kwa kutoandika. Lakini alitofautisha mzee anayezijua mila na kuzieleza, na yule anayezipima kwa akili yake, hata kuzikosoa.

Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kuwa Socrates aliingia katika historia ya fikra kwa sababu wanafunzi wake waliandika maneno yake. Peter Bodunrin wa Nigeria naye alihoji: mzee akijibu maswali ya profesa, falsafa hiyo ni ya nani?

Kwako msikilizaji

Swali hilo linamhusu pia aliye Mtanda, Lindi, mwenye simu mkononi na mzee barazani. Ukimrekodi, usimwulize tu mila inasema nini; mwulize yeye anaionaje, na kwa nini. Acha swali lako lisikike, taja siku na mahali. Hapo wajukuu watajua lipi ni neno la mzee na lipi ni lako. Kwa Socrates, hilo bado linabishaniwa.