Pua ya Mbwa na Nyayo za Mtu

Watu wengi hudhani kwamba kumfundisha mbwa kufuata nyayo ni kumtia elimu asiyokuwa nayo. Sivyo. Mbwa azaliwa na pua yake, nayo yatushinda sote. Tumfundishalo ni kuchagua harufu moja katikati ya harufu nyingi, na kuishika hata mwisho, ijapokuwa paa amekata njia mbele yake. Ahitajiye kufundishwa zaidi ni yule ashikaye kamba. Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja, basi twataka kueleza jinsi yalivyopatikana, ili mtu aanzaye kazi hii asianze gizani.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon, Myunani aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu juu ya kuwinda sungura kwa mbwa na nyavu. Twastaajabu kuona jinsi alivyoyajua mengi. Aliwaonya wasasi kwamba baridi kali ya alfajiri huizuia harufu isipande, na kwamba mvua huiharibu. Alishauri majike wapelekwe mawindoni wakiwa na miezi 8, na madume miezi 10, wala wasifunguliwe ovyo, bali wafungwe kwa kamba ndefu na kuwafuata mbwa wazoefu. Hata majina ya mbwa alitaka yawe mafupi, yapate kuitwa upesi. Baadaye sana watawa wa nyumba ya Mt. Hubert, katika misitu ya Ardennes iliyo Ubelgiji, walizalisha mbwa wa masikio marefu waliosifiwa kwa pua zao. Wale wanaohesabiwa kuwa uzao wao walipelekwa mbuga ya Virunga, huko Kongo, mwaka 2011, ili kuwafuata majangili.

Lakini swali moja lilibaki. Mbwa anusapo ardhi, anusa nini hasa?

Mwaka 1887 mtaalamu mmoja wa Uingereza, George John Romanes, rafiki yake Darwin, alieleza majaribio aliyofanya na mbwa wake jike, aliyempenda mno bwana wake. Majaribio haya hayakuhitaji chombo cho chote cha thamani, na kwa hiyo sisi walimu twayapenda. Aliwakusanya watu 11, wakaenda msururu mmoja, yeye mbele, kila mtu akikanyaga katika unyayo wa mwenziwe. Walipokwisha kwenda yadi 200, Romanes aligeuka kulia pamoja na watu 5, waliosalia 6 wakageuka kushoto, wote wakajificha. Ndipo mbwa akaletwa. Alikuja mbio, akaipita kidogo ile panda ya njia, akarudi, kisha akaenda kulia pasipo kusita. Nyayo za bwana wake zilikuwa zimekanyagwa juu na watu wale wote, naye alizitambua.

Romanes hakuridhika. Alibadilishana viatu na mtu mgeni. Mbwa akamfuata mgeni aliyevaa viatu vya bwana wake, bali bwana mwenyewe, akiwa katika viatu vya mgeni, hakumfuata. Tena alibandika karatasi chini ya viatu vyake, na mbwa hakuzishika nyayo hata alipofika mahali ambapo karatasi ilikuwa imechakaa kisiginoni, tundu dogo tu. Basi harufu ya mtu hupenya katika kiatu na kushuka ardhini, nayo kidogo sana yatosha.

Hata hivyo si hiyo peke yake. Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani aliyetoa kitabu mashuhuri cha kufundisha mbwa mwaka 1910, baadaye alijaribu kinyume chake. Alimning'iniza mtu juu ya waya, miguu isiguse ardhi, na kwa chombo kingine, gurudumu lililotiwa viatu, akaacha alama chini. Mbwa waliifuata njia ya gurudumu. Maana majani yaliyopondwa na udongo uliotibuliwa vina harufu yao. Hapo pana hatari: mbwa ambaye hajafundishwa vema aweza kufuata majani yaliyopondwa tu, akahamia nyayo za mtu mwingine aliyepita saa ile ile.

Kwa hiyo aanzaye na afanye hivi. Achague uwanja wa majani mafupi, asubuhi umande ungalipo, mahali ambapo hapajapita mtu wala ng'ombe. Akanyage-kanyage mahali pamoja, upana wa hatua moja, kisha aende moja kwa moja hatua 20 au 30, upepo ukimpiga mgongoni, ili mbwa asiipate harufu ya mwisho hewani akaacha kuinamisha pua. Katika kila unyayo aweke kipande kidogo cha nyama, na mwisho aweke kitambaa chake na nyama nyingi zaidi. Amlete mbwa kwa kamba ndefu, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani wala si shingoni, maana shingo iliyovutwa humfundisha mbwa kuogopa kwenda mbele. Atamke neno moja tu, lile lile kila siku, kisha anyamaze. Tumewaona watu wakimsukuma mbwa na kumwonyesha njia kwa kidole. Mbwa huyo hujifunza kutazama kidole. Siku zipitapo nyama ipunguzwe, nyayo zirefushwe, ziachwe robo saa, kisha nusu saa, kona zitiwe, tena mtu mwingine aziweke.

Mwisho wa yote huja fundisho ambalo wengi huliruka: nyayo ambazo mshika kamba mwenyewe hajui zilikokwenda. Akijua, mkono wake humwambia mbwa pasipo yeye kutaka. Kamba hukazika kidogo, hatua husita, na mbwa, aliye hodari wa kutusoma kuliko sisi tunavyomsoma, hugeuka tunakotaka ageuke.

Jambo hili si mchezo, kwa kuwa watu wamefikishwa mahakamani kwa pua ya mbwa. Afrika ya Kusini, mwaka 1920, mahakama ya rufaa iliamua katika kesi ya Trupedo kwamba mwenendo wa mbwa wa polisi aliyemtambua mshitakiwa kwa harufu usipokewe kuwa ushahidi, maana hauna hakika. Nchi ile ile, mwaka 1925, imeandikwa kwamba mbwa aitwaye Sauer alimfuata mwizi wa mifugo kilometa 160 katika jangwa la Karoo. Twaona yote mawili yapasa kukumbukwa pamoja. Huku kwetu, katika hukumu ya Kenya ya mwaka 1967, majaji walisema ushahidi wa namna hii waweza kupokewa, lakini kwa hadhari kuu, na baada ya kuelezwa mafunzo na uzoefu wa mbwa na wa bwana wake.

Kwa sababu hiyo anayefundisha yampasa kuwa na daftari tangu siku ya kwanza. Aandike tarehe, saa, upepo, nani aliyeweka nyayo, na muda zilioachwa. Aandike pia kila siku ambayo mbwa alipotea, na mahali alipopotelea, maana hayo ndiyo jaji atakayoyauliza kabla ya kumsikiliza mbwa.